Mashua isilale: mwongozo kamili wa kushindana na Laser kwenye upepo mkali wa kiangazi, ziwa Kivu

Kiangazi kikianza tu, mwezi wa 6 kwenda wa 8, maswali yanakuja yale yale: upepo umekuwa mkali, mimi mwepesi, tanga linanivuta, napinduka mara 4 kabla hata ya boya la kwanza, nifanye nini? Nimeamua niandike yote mara moja, toka kuangalia ziwa asubuhi mpaka kukunja tanga jioni. Naandika nikiwa Bukavu, lakini wenzetu wa Goma nao nitawagusa maana ziwa ni moja ila upepo unawafikia kwa njia ingine kabisa.

Jambo la kushika ni moja tu na nitalirudia mpaka uchoke: mashua isilale. Kimashua kikilala upande, usukani unakuwa mzito, kinakwenda kombo kama kaa, maji yanaingia na wewe unachoka. Kikisimama wima kinakimbia. Karibu kila kitu utakachosoma hapa kinatumikia hilo.

Kidogo kuhusu maneno. Mabaharia wa Lamu na Zanzibar wana maneno yao mazuri, kama joshi (upande upepo unakotoka), demani (upande unakokwenda) na kubisha (kupanda kinyume cha upepo kwa kukata huku na huku), nitayatumia. Mengine sisi huku tumeyachukua toka Kifaransa: ekuti ni ile kamba ya mkononi ya kuvuta na kulegeza tanga, bome ni mti wa chini ya tanga, deriva ni ubao wa katikati unaoshuka majini, haleba ni kamba inayovuta bome chini kuelekea mguu wa mlingoti, kaningamu ni ile inayovuta tanga chini kwenye mlingoti. Na Laser ni kimashua cha mtu mmoja alichokichora Bruce Kirby wa Kanada, urefu mita 4.2, mwili kilo 59 hivi, tanga moja tu. Kama una kingine kidogo cha aina hiyo mambo ni karibu yale yale.

Kwanza kabisa: tunatoka ama hatutoki?

Wenzetu wa Ulaya wanashindana hata mwezi wa 12 na wa 1, maji yakiwa digrii 5 hivi, wakiwa wamevaa nguo za mpira zisizoingiza tone. Kwao ukianguka majini baridi inakukata pumzi dakika ya kwanza, baada ya dakika kama 10 vidole havishiki tena kamba. Sisi Mungu ametupendelea, maji ya Kivu yanakaa kwenye digrii 23 ama 24. Ila usidanganyike. Tuko mita 1,460 juu ya bahari, kiangazi hewa ni kavu na ya baridi, mtu aliyelowa akipigwa na upepo saa nzima anaanza kutetemeka, na mtu anayetetemeka anaamua vibaya.

Panda mahali pa juu, Bukavu hatukosi vilima, uangalie ziwa karibu saa 5 za asubuhi na tena kabla ya kushusha mashua. Povu jeupe likionekana hapa na pale, tena mara kwa mara, hiyo ni kama km 20 mpaka 28 kwa saa, siku tamu kabisa. Povu likijaa kila mahali na matone yakianza kuruka, uko kwenye 29 mpaka 38, hapo ni kwa wanaojua kujiinua wenyewe majini. Zaidi ya hapo mashua zibaki nchi kavu, mwisho wa habari. Kumbuka kwamba upepo ukitoka km 15 kwenda 30 nguvu yake kwenye tanga haiongezeki mara 2, inaongezeka mara 4, ndo maana watu wanashtuka, wanaona umeongezeka kidogo tu afu wanajikuta wanaogelea.

Afu uangalie unatoka wapi. Bukavu iko ncha ya kusini ya ziwa, kwa hiyo siku upepo unatoka kusini unasukuma kutoka mjini kwenda ziwani. Hii ndo hatari inayojificha, maana pale ufukweni maji yanaonekana kama kioo, vilima na zile rasi zinakukinga, unasema leo ni rahisi, unatoka mita 500 na kumbe nje kunawaka. Na kitu chochote kikikatika, unakwenda kaskazini, mbali na nyumbani. Goma, ncha ya kaskazini, ni kinyume: upepo huo huo unafika kwenu ukiwa umelikimbia ziwa, na mawimbi yamekua njiani. Kwenu mtu akishindwa anatupwa ufukweni, kwenye mawe ya volkano yanayokata mwili wa mashua kama msumeno. Kwa hiyo Bukavu tunaogopa kutorudi, Goma mnaogopa kufika vibaya. Na nyie wa Goma, mashua msiziandae kwenye vishimo vya ufukweni vyenye mazuku, ile gesi inalala chini, haionekani, na imeua watu.

Upepo wa kiangazi usiuchanganye na dhoruba ya mvua. Wa kiangazi unapanda polepole, unaweza kuusoma. Ile ya mvua inakuja na wingu jeusi, upepo unageuka ghafla, radi juu, na wewe umekaa chini ya mlingoti wa aluminiamu katikati ya maji. Ukisikia ngurumo hakuna mashindano, wote nje.

Bila boti ya motere hakuna mashindano

Hapa sibembelezi mtu. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilizama karibu kabisa na Kituku, Goma, watu wamesimama ufukweni wanaangalia. Kila familia ya pande hizi inajua ziwa linachukua namna gani. Kwenye kundi letu tulikubaliana boti 1 ya motere kwa kila mashua 5, ndani watu 2, mmoja wa kuendesha na mmoja wa kuruka majini, mafuta ya kutosha kwenda na kurudi, kamba ya kuvutia ya mita 15 hivi, kisu, blanketi. Mwendeshaji akimkaribia mtu aliye majini anazima motere. Azime kabisa, asiseme ameiweka tu bila gia.

Na daftari. Kila anayeshuka majini anaandika jina, kila anayerudi anafuta jina lake yeye mwenyewe.

Maboya yetu ni bidon za njano za lita 20. Tatizo ni kina, ziwa letu kule kaskazini linafika karibu mita 480, na hata huku kusini ukitoka kidogo tu nanga haigusi chini. Weka maboya karibu na ncha za rasi ambako bado kuna chini, mfuko wa mawe, kamba ndefu mara 3 ya kina, la sivyo upepo ukipanda boya nalo linasafiri na mnashindana kulifukuza. Kabla ya kuweka ongea na wavuvi, waulize nyavu zao ziko wapi, deriva ikiingia kwenye wavu umewaharibia watu chakula.

Mwili wako na mashua yako

Jile (koti la kuelea) inayofungwa vizuri, filimbi iliyofungwa kwenye jile, na kisu kidogo. Usivae pamba: suruali ya jini ikilowa ni mzigo, na fulana ya pamba inakunyonya joto. Sokoni Kadutu, hapa Bukavu, utapata nguo za michezo za nailoni kwa bei ya kawaida, vaa mbili juu ya nyingine, na glavu za kazi zilizokatwa vidole zinatosha kwa ekuti.

Kwenye mashua pitia kwa mkono, siyo kwa macho. Kizibo cha nyuma kimekazwa? Kile kichuma kidogo kinachozuia usukani usichomoke mashua ikipinduka, kinarudi chenyewe ukikibonyeza? Deriva imefungwa kwa kamba ya mpira? Mlingoti umefungwa usitoke kwenye tundu lake mashua ikigeuka kichwa chini? Ekuti ina fundo mwishoni? Dakika 5 tu hizi.

Mwaka mmoja nilipita haraka kwenye hicho kichuma cha usukani. Kilikuwa kimelegea, nikajiambia nitakikaza nikirudi. Nilipinduka nje ya rasi, usukani ukachomoka ukabaki unaning'inia kwenye kamba, kila nikiinua mashua inageukia upepo na kulala tena. Mikono ikaniisha. Upepo wa kusini ulikuwa unanipeleka, na mji nauona unakuwa mdogo. Aliyeniokoa ni mzee mmoja mvuvi wa sambaza (samaki wadogo wa ziwa letu), alikuwa anashona wavu kwenye ile mitumbwi yao mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, akatuma vijana wawili na mtumbwi mdogo. Neno la kwanza aliloniambia: "Mwana, usiachilie kitu chako, shikilia tu, tuko." Nilitaka kuogelea kwenda kwake, ilikuwa mita 200 tu hivi. Ningeachia mashua leo nisingekuwa naandika.

Kupunguza tanga kabla ya kutoka

Kosa la wengi ni kutoka na tanga lenye tumbo, kama la siku ya upepo mdogo, afu wanataka kulishinda kwa misuli. Tumbo ndo nguvu, liondoe ukiwa bado ufukweni maana huko nje mikono itakuwa na kazi ingine.

Haleba ivute sana. Mlingoti unapinda, tanga linakuwa bapa, na ukilegeza ekuti bome inakwenda pembeni bila kupanda juu. Kaningamu nayo vuta mpaka mikunjo ya chini ipotee kabisa, unalisogeza tumbo mbele na sehemu ya juu inafunguka yenyewe rafali (upepo wa ghafla) ikipiga. Kamba ya mwisho wa bome vuta mpaka chini kubaki nafasi ndogo tu. Ile kamba ya nyuma inayotembea juu yake pulei ya ekuti, kaza ngumu kama uzi wa gitaa.

Kama una chini ya kilo 65 hivi, chukua tanga dogo bila aibu. Kubwa la Laser ni mita za mraba 7.06, la kati 5.7, dogo 4.7, mwili wa mashua ni ule ule. Nimeona binti wa kilo 55 mwenye tanga la kati akiwapita wanaume waliong'ang'ania kubwa, yeye anakwenda wima na wao wanaoga. Hewa ya kwetu huku juu ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya asilimia 10, kwa hiyo upepo ule ule unasukuma kidogo pungufu, ni msaada huo, usiumalize kwa kujidai.

Kuanza

Utaratibu ni ule wa dunia nzima: ishara ikibaki dakika 5, ingine ikibaki 4, ingine ikibaki 1, afu kuondoka. Kwenye upepo mkali usikae katikati ya msongamano. Simama na tanga likipepea, upepo ukikupiga toka ubavuni, upande wa demani ukiwa na nafasi ya mashua 2 ili upate pa kuongeza mwendo. Usielekeze omo (pua ya mashua) moja kwa moja kwenye upepo, utarudi nyuma na usukani hautakusikia. Ikibaki sekunde 8 hivi vuta ekuti, kaa nje, nenda. Kuchelewa sekunde 2 ukiwa na mwendo ni bora kuliko kuwa wa kwanza umesimama.

Haki za njia mzijue kama sala: anayepigwa na upepo toka kulia ana haki juu ya anayepigwa toka kushoto, na mkiwa upande mmoja aliye joshi anampisha wa demani. Mwenye haki apige kelele "KULIA!" mapema, maana kwenye upepo sauti haifiki mbali.

Kubisha, hapa ndo mbio zinashindwa

Kaa kwenye ukingo, miguu chini ya mkanda, mwili wote nje, macho mbele. Rafali unaiona kabla haijafika: kiraka cheusi juu ya maji kinachokukimbilia, ngozi ya maji inakunjamana kama kitambaa. Hesabu kimoyomoyo tatu, mbili, moja. Kabla tu hakijakugusa legeza ekuti kama urefu wa mkono toka kiwiko mpaka vidole, jirushe nje zaidi, mashua ikisimama wima na kuanza kukimbia vuta tena ekuti yote. Legeza, jinyooshe, vuta. Wengi wanafanya kinyume, wanangoja mashua ilale ndo walegeze, na ikishalala bome inagusa maji, hata ukilegeza haiendi popote, umeshachelewa.

Ekuti usiifunge kamwe. Iwe mkononi, na mkono wa usukani usaidie kuibana unapovuta tena.

Ukiwa mwepesi na bado unazidiwa inua deriva kama sentimita 10, mashua inateleza pembeni kidogo badala ya kulala. Wimbi likija panda uso wake ukielekea upepo kidogo, ukifika mgongoni mwake vuta usukani ushuke, omo isipige kofi hewani. Kugeuza upande, ngoja sehemu yenye maji matulivu kati ya mawimbi na uwe na mwendo. Kwa haleba ile ngumu bome inapita chini sana, lala kabisa kifuani kwenye magoti. Kigeuzwe haraka, ukisita katikati unakwama omo kwenye upepo, na hapo sukuma bome na usukani upande mmoja mashua irudi nyuma mpaka igeuke.

Kwenye boya la juu, lile la joshi

Kushuka toka kubisha kwenda na upepo ndo mahali watu wanapinduka wengi kwa mara moja. Kabla ya boya legeza haleba kiasi, siyo yote. Rudi nyuma, kaa nje, hakikisha mashua iko wima KWANZA, afu achia ekuti kwa wingi huku ukivuta usukani taratibu. Ikiwa imelala haitashuka hata uvunje usukani, itapanda kwenye upepo na kukulaza mbele ya wote wanaokufuata. Kaningamu ilegeze baadaye, ukishapata pumzi.

Kwenda na upepo

Raha na hofu vinakutana hapa. Mashua inaanza kuyumba kushoto kulia, kila yumbo kubwa kuliko lililotangulia, mwisho inakuangukia upande wa joshi na wewe chini. Sababu mara nyingi ni mbili: bome umeiachia kupita kiasi, ikavuka mstari wa mraba na mashua, na haleba umeilegeza mno kwa hiyo sehemu ya juu ya tanga inasukuma kuelekea kwako. Ikianza kuyumba vuta ekuti haraka, mikono miwili ikibidi, na panda kidogo kwenye upepo. Deriva nusu, usiitoe yote, maana utahitaji kuisimamia ukianguka. Kaa nyuma omo isizame kwenye wimbi la mbele.

Kugeuza bome ukiwa unakwenda na upepo kunatisha, na watu wanapunguza mwendo ili wageuze. Usipunguze. Ukiwa kwenye kasi kubwa, unateremka wimbi, unakwenda karibu sawa na upepo na tanga linakuwa jepesi, hapo ndo wakati wake. Vuta ekuti kiasi cha mkono mmoja, geuza, bome ikianza kuja ipe ekuti mtikiso isinaswe na kona ya tezi (nyuma ya mashua), inama, vuka, na papo hapo rudisha usukani kinyume, njia yako inachora S. Bila huo mzunguko wa pili mashua itapanda na kulala.

Ukiona leo huwezi, zungukia juu: panda kwenye upepo, geuza kwa joshi kama kwenye kubisha, ushuke tena. Unapoteza sekunde 15 labda. Kupinduka kunakula dakika 3, pamoja na nusu ya nguvu zako.

Ukipinduka

Utapinduka. Shika ekuti ama chochote cha mashua kabla hujafikiri kitu kingine. Ukijikuta chini ya tanga inua mkono juu, tengeneza nafasi ya hewa, fuata mshono mpaka utoke. Zunguka mpaka kwenye deriva, hakikisha ekuti na haleba vimeachia, shika ukingo, simama juu ya deriva karibu na mwili wa mashua maana ukisimama nchani itavunjika, lala nyuma, subiri. Inainuka polepole afu ghafla.

Mlingoti ukiwa umeelekea upepo unakotoka, tanga likitoka tu majini upepo utaingia chini yake na kukurushia mashua upande wa pili. Subiri igeuke yenyewe, ama ikipinduka nawe baki umeng'ang'ania deriva, upite chini nayo, utokee ukiwa tayari kuinua tena. Ikigeuka kabisa kichwa chini simama ukingoni, vuta deriva kwa uzito wote, usiharakishe.

Majaribio 3. Ukishindwa la tatu, panda juu ya mwili wa mashua, inua mikono miwili na kuishusha polepole, piga filimbi. Boti ije. Na kama wewe unapita karibu na mwenzako aliye hatarini unaacha mashindano unamsaidia, hiyo ni kanuni ya kwanza kabisa kwenye kitabu cha kanuni za mashindano ya tanga duniani. Ufukwe hata uonekane karibu, haogelewi kwenda huko. Mashua inaelea na inaonekana toka mbali, kichwa cha mtu kati ya mapovu hakionekani.

Kurudi

Siku ya upepo wa kusini Bukavu kurudi ni kubisha mpaka mwisho, umechoka, na karibu na vilima upepo unakuja vipande vipande, mara kimya mara kofi toka upande usiotegemea. Bakiza nguvu kwa ajili ya hiyo. Sisi mbio ya mwisho inafungwa kabla ya saa 10 za jioni, jua bado lipo na boti ya motere ina muda wa kwenda mara 2 ikihitajika. Boti hiyo inaingia ya mwisho, baada ya mashua zote.

Ukifika legeza kamba zote kabla ya kushusha tanga, angalia mishono ya nyuma na zile fimbo nyembamba za ndani ya tanga maana kupepea sana kunazivunja, fungua kizibo maji yatoke na upime yametoka kiasi gani, yakizidi kikombe kuna ufa mahali. Kunywa kitu cha moto, badili nguo. Afu nenda kwenye daftari ufute jina lako.